Ishirini na Saba, Mbili

Mtu akipita anasukuma baiskeli isiyo na kiti, watu wa kawaida humwonea huruma. Baudouin aliona nyumba iliyosahauliwa wazi.

Alikuwa ameketi kwenye kibanda cha chai mjini Mbarara, upande wa Nyamitanga, hatua chache kutoka daraja la mto Rwizi, akinywa chai ya mtu mwingine, alipomwona mwanamume mnene akipandisha barabara na baiskeli ya mbio. Si yale mabaiskeli mazito ya kubebea matoke. Hii ilikuwa nyepesi, nyembamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Kasoro yake ilikuwa moja. Pale kiti kinapotakiwa kusimama palikuwa na kisiki cha bomba kilichokatika, na kiti chenyewe mwanamume alikuwa amekibana kwapani kama kuku wa sikukuu.

Jina lake Muhirwa. Alikuwa na nyumba za kupangisha kule Kakiika, na tumbo lililomtangulia kila mahali kama askari wa kumfungulia njia. Baiskeli aliipata kwa mpangaji wake, mzungu aliyekuwa anarudi kwao, kwa bei ya mbuzi mgonjwa, baada ya kumwapia kwamba siku hizi ndege hazibebi baiskeli. Akaipanda mara moja tu, kuteremka darajani. Daraja lilibaki zima. Bomba la kiti halikubaki.

"Duka zote za Mbarara hapana bomba ya hii gaali," alimlalamikia muuza chai. "Iko tu ile ya gaali ya matoke. Na mimi nimeshapata daktari ya kununua. Bila kiti, daktari atakalia nini? Imani?"

Baudouin akasimama, akakung'uta suruali ambayo haikuwa na vumbi.

Huyu Baudouin alikuwa mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini, mkazi wa kambi ya Nakivale, mwenye viatu vyeupe na sauti ambayo ingemshawishi mamba afungue mdomo aoshwe meno. Kazi hakuwa nayo. Alikuwa na mipango. Na wiki ile alikuwa na shida ya kweli, jambo ambalo kwa mjanja ni aibu kubwa: alikuwa amependa. Msichana aliitwa Nabintu. Baba yake, Nestor, shemasi wa kanisa na mkulima wa maharage, alikuwa amemwita Baudouin, akamtazama kuanzia viatu kwenda juu, akasema:

"Sikia, mwana. Maneno yako iko mingi, hata mi nachoka. Kuja siku ya Mungu na kitu moja. Moja tu! Kitu yenye hakuna mutu mwengine anaweza kusema ni yake. Ukikosa, mutoto yangu umusahau."

Sharti dogo, mtu angesema. Lakini Baudouin alipokagua mali yake usiku ule alikuta shati ni la binamu, simu ni ya jirani, na viatu vyeupe vilikuwa na mwenyewe kule Isingiro ambaye bado alikuwa anavitafuta.

Na kwa nini baiskeli? Hapo lazima mtu ajue lugha za watu. Baiskeli ambayo Muhirwa na Waganda wenzake huiita gaali, Wakongomani na Warundi wa Nakivale huiita kinga. Ndiyo maana lile bango la zahanati ya Base Camp, katikati ya kambi, linalosema KINGA NI BORA KULIKO TIBA, liliwachanganya wengi walipofika. Walidhani wanashauriwa waache dawa wanunue baiskeli. Wengine walikuja kueleweshwa. Nestor aliamua kwamba ushauri ni mzuri hivyo hivyo, na tangu hapo aliheshimu mtu mwenye baiskeli kuliko mtu mwenye cheti.

"Pole, ssebo," Baudouin alimwambia Muhirwa, akiinamia kisiki kama daktari anayetafuta namna ya kutoa habari mbaya. "Hii ni saizi ya Ulaya."

"Wewe nani?"

"Enjenia Baudouin. Napima mabomba ya viti."

"Hiyo kazi iko?"

"Kama haiko, kiti yako inafanya nini kwapani?"

Muhirwa alikitazama kiti. Akakihamishia kwapa la pili.

"Nakivale iko fundi mmoja tu mwenye mabomba ya namna hii," Baudouin akaendelea. "Lakini bomba la kiti ni kama kiatu. Kiatu hununui kwa kutuma salamu. Unapeleka mguu."

"Maana yake?"

"Maana yake baiskeli inaenda yenyewe, inapimwa, inarudi na kiti."

Ukweli, ambao Baudouin hakuujua na ambao asingeusema hata kama angeujua, ni kwamba kisiki kile kingetosha kabisa. Unakivuta, unasoma namba iliyochongwa kwenye ncha yake ya chini, unakitia mfukoni, unakwenda nacho dukani. Lakini nani amewahi kuoa kwa kuiba kisiki?

"Mimi niache gaali na mukimbizi?" Muhirwa akacheka. "Unaona mimi mujinga?"

"Hapana, ssebo. Ndiyo maana nakuachia dhamana."

Akavuta gunia kutoka chini ya benchi. Gunia hilo alikuwa amekuja nalo mjini kumtafutia mjinga, na sasa mjinga alikuwa amekuja mwenyewe, kwa miguu. Kahawa ya Kivu, alisema. Akalifungua mdomo. Juu ilikuwa kahawa kweli, kiasi cha kufunika kiganja. Chini yake kulikuwa na mchanga na magunzi ya mahindi, lakini hayo hayakuulizwa, na Baudouin hakuwa mtu wa kumchosha mwenzake kwa maelezo.

Muhirwa akanusa. Akapima uzito kwa mkono mmoja. Akafikiri, na fikra zake zilisomeka usoni kama tangazo la mnada: mkimbizi akipotea, kahawa ni yangu; mkimbizi akirudi, kahawa imeibwa na wapangaji, pole sana, nipe gaali yangu.

"Kare," alisema. "Lakini Jumamosi nataka gaali."

"Jumamosi, ssebo."

Wakapeana mikono, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Baiskeli ilifika Nakivale juu ya pikapu, imelala juu ya magunia ya muhogo kama mgonjwa wa heshima. Sokoni Base Camp, Baudouin akaisukuma moja kwa moja mpaka kwa Cansilde.

Cansilde alikuwa Mrundi muuza vipuri vya baiskeli, mwanamke mwenye mikono mipana na mdomo usiotiwa breki. Matairi yalining'inia juu ya kibanda chake, pembeni misukani, chini masanduku ya vyuma. Alikuwa mwaminifu kwa kila mteja aliyeelewa anachonunua. Hao walikuwa wachache.

"Kinga hii umeiiba wapi?" aliuliza.

"Bonjour na wewe pia, Madame."

"Bonjour. Umeiiba wapi?"

"Ni yangu. Inakosa tu bomba la kiti. Jumapili naenda nayo kwa bopere, baba mkwe wangu."

"Kwa bopere! Na yeye anajua kwamba yeye ni bopere?"

"Jumapili atajua."

Cansilde akacheka, akatia mafuta kwenye kisiki, akakishika kwa koleo kubwa, akakizungusha na kukivuta kama jino. Kikatoka. Akakifuta kwa kanga, akakigeuza kwenye mwanga, akasoma.

"Vingt-sept, deux," alisema, akakitupa kwenye sanduku la vyuma vibovu chini ya meza.

Hapa ndipo hadithi ilipovunjika mguu. Waliosomea Kifaransa, panapohitaji nukta kwenye namba, wao huweka koma; na wauza vipuri wa soko lile, kwa haraka yao, hata koma hawaitamki. Vingt-sept, deux ni ishirini na saba na sehemu mbili za kumi za milimita. Sehemu mbili hizo ni kitu cha unene wa bati la kopo la soda kila upande, lakini kwenye bomba la kiti ndizo zinazotenganisha kukaa na kuanguka.

Baudouin alikuwa ameutangazia mji mzima kwamba alisoma kwa Mapadri kule Bukavu. Haikuwa uongo mtupu. Aliuza karanga kwenye geti lao.

"Bien sûr," alisema.

"Umesikia vizuri?"

"Madame, mimi naota kwa Kifaransa."

"Haya. Sema basi nikupe nini."

Baudouin akafasiri kichwani, neno kwa neno, kwa uangalifu wa mtu anayevuka mto asioujua kina. Vingt-sept, ishirini na saba. Deux, mbili.

"Ya ishirini na saba," alisema kwa sauti ya mnunuzi mkubwa. "Mbili."

Cansilde akanyanyua kichwa taratibu. "Mbili?"

"Si wewe mwenyewe umesema deux?"

"Nimesema."

"Basi mbili."

"Kinga moja, mabomba mawili. Sha, wewe una makalio mangapi?"

Baudouin alihisi kwamba kuna kitu hakikai sawa. Lakini kuuliza ni kukiri, na alikuwa hajawahi kukiri kitu, hata kwenye kitubio.

"Huko Ulaya ni mbili," alisema. "Moja ya kazi, moja ya akiba. Ndege ina injini ngapi?"

Kwenye sanduku jingine Cansilde alikuwa na bomba moja la saizi kamili, ishirini na saba na sehemu zake mbili, jipya, linang'aa. Alikuwa pia na mawili ya ishirini na saba kavu, ambayo yalimkalia tangu alipobomoa baiskeli ambazo hakuna aliyekumbuka zilitoka wapi, na ambayo hakuna mwenye akili aliyewahi kuyataka. Akainua macho juu, kama mtu anayeomba mwongozo. Mwongozo ukaja: uza.

Baudouin alilipa kwa dumu la mafuta ya mgao, la shangazi yake. Cansilde akachomeka bomba. Liliingia bila kusuguana na kitu, kama ulimi unavyoingia kwenye uongo. Akakaza skrubu kwa nguvu zake zote, akafunga kiti juu, akarudi nyuma kuangalia kazi yake.

"Usikikaliekalie," alisema.

"Kwa nini?"

"Bado kipya. Kina aibu."

Siku ya Mungu ikafika. Baudouin hakuipanda kinga. Aliisukuma, kwa sababu suruali ilikuwa imepigwa pasi na kwa sababu alitaka kila mlango uione. Mkononi alishika lile bomba la pili, limefungwa utepe mwekundu.

Nestor alikuwa amekaa nje ya nyumba na Biblia pajani, Nabintu akichambua maharage kwenye ungo.

"Ile njo kinga?" Nestor aliuliza, sauti imeshalainika.

"Njo yenyewe, Papa."

"Ni ya nani?"

"Ya mimi."

"Apa."

Baudouin akaapa kwa jina la mama yake, ambaye alikuwa ameshaapiwa mara nyingi mno hata huko kaburini alikuwa hageuki tena. Kisha akatoa bomba lenye utepe kwa mikono miwili. "Na hii ni zawadi yako, Papa. Ya akiba."

Nestor alilipokea, akalipima mkononi, akapendezwa na uzito. Lakini macho yake yalikuwa kwenye kinga. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mwili uliojengwa kwa ugali na mawazo machache.

"Shika vizuri," alisema. "Nipande kidogo."

Baudouin akakumbuka aibu ya kile kiti. Lakini unamkataliaje mtu unayemwomba binti? Akashika usukani. Nestor akapandisha mguu, akakaa.

Kiti kikaanza kushuka. Hakikuanguka, kuanguka kungekuwa ajali, na ajali ina utetezi. Kilishuka polepole, kwa adabu, kama askofu anayepiga goti, mpaka magoti ya Nestor yakafika kwenye ndevu zake. Hapo kikatulia.

Maharage yakaacha kuchambuliwa.

"Baudouin," Nestor alisema kutoka chini. "Nini hii?"

"Inainama, Papa."

"Inainama?"

"Njo kinga za Ulaya. Ikipandwa na mutu mukubwa, inainama kwanza. Ni heshima."

Nestor alibaki amekaa palepale, akilifikiria jambo hilo. Ushemasi alikuwa nao miaka mingi, na hakuna kitu, hata mbwa wake, kilichowahi kumwinamia. Uso wake ukafunguka.

"Nabintu! Umeona? Inaniheshimia!"

"Nimeona, Papa." Nabintu hakucheka, lakini ungo ulikuwa unatetemeka. "Na mutu asiye na heshima akiipanda, inafanya nini?"

"Mutu ya vile haiwezi kumubeba," Baudouin alijibu haraka.

"Aa. Njo sababu wewe umekuja unaisukuma."

Baudouin alikuwa bado ameshika usukani wakati bodaboda ilipoingia uani na Muhirwa akateremka, jasho linamtoka, mfuko wa koti umevimba.

Huyu naye alikuwa na kisa chake. Jumamosi hakusubiri gaali wala Enjenia. Tangu asubuhi alikuwa ameshapeleka gunia la dhamana kwa mnunuzi wa kahawa, kuliuza mapema kabla halijawa la mwenyewe tena. Mnunuzi akazamisha mkono mpaka kiwiko, akautoa na gunzi. Muhirwa hakuweza hata kulalamika kwa sauti. Angelalamika vipi kwamba mali ya watu aliyokuwa anaiiba ilikuwa mbovu? Jumapili akapanda bodaboda mpaka Base Camp, akamuulizia Enjenia. Wakamuuliza yupi, kwani Nakivale kila asiye mchungaji ni enjenia. Akasema mwenye viatu vyeupe. Wakacheka, wakamwonyesha njia.

"Wewe!" alipiga kelele. "Gaali yangu iko wapi?"

Nestor, Kiswahili cha Waganda kilimpita pembeni. "Anasema nini?"

"Masikini, Papa," Baudouin alisema bila kupumua. "Muzee eko anatafuta gari yake. Imepotea."

"Pole, baba," Nestor alisema kwa upole wa shemasi, bado amekaa chini kwenye kinga. "Gari huku hakuna. Iko tu ya mashirika, kule Base Camp."

"Gaali! Gaali hii! Wewe umekalia gaali yangu!"

Nestor aliitazama kinga, akamtazama Muhirwa, akatikisa kichwa. "Mutu akipoteza gari," alimwambia bintiye kwa sauti ya chini, "anaanza kuona gari fasi zote."

"Banange!" Muhirwa alishika kichwa. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa gunzi, akalitupa mbele ya miguu ya Nestor. Likafuata la pili. La tatu. "Hii ndiyo kahawa ya Kivu? Huyu mutu alisema anapima gaali, akanipa kahawa. Kahawa iko hii!"

Nestor alikuwa mkulima. Gunzi alilielewa kwa lugha zote.

"Papa," Nabintu alisema, akiweka ungo chini, "ile kinga ni ya huyu baba."

Nestor akainuka kutoka kwenye kiti, jambo lililochukua muda. "Baudouin. Nilisema kitu moja."

"Papa, sikia…"

"Moja tu!"

Akainua lile bomba la akiba, utepe mwekundu ukipepea. Hapo Baudouin akatambua kwamba mabomba mawili yalikuwa kweli mawili: moja la kumkalisha na moja la kumwondoa. La pili lilimpata mgongoni akiwa tayari ameruka kwenye kinga na kukanyaga.

Basi walioishi kando ya njia ile wanasema hawajawahi kuona mtu akikimbia akiwa amekaa chini vile. Kiti kilikuwa kimezama mpaka mwisho. Kila mzunguko wa pedali goti la kushoto lilimpiga kidevu, na la kulia likangoja zamu yake. Alikata kwenye vijia vya mashamba ya maharage ambako bodaboda haikupita, akalipita kundi la wanawake wenye madumu ya maji, kisha wanawake wakampita yeye kwenye mlima, wakimpa pole. Alifika kwa Cansilde hana pumzi wala kidevu.

Cansilde alikuwa amesali misa ya kwanza ili asikose wateja wa misa ya pili.

"Nifiche!"

"Wanatafuta nini?"

"Mutu na kinga!"

"Basi acha kuwa mutu na kinga. Kuwa mutu."

Baudouin alilitazama jambo hilo. Lilikuwa na akili. Ndiyo maana alilitilia shaka. "Nikuachie wewe kinga? Unaona mimi mujinga?"

"Hapana, sha. Ndiyo maana nakupa dhamana." Cansilde akavuta sanduku la chuma kutoka chini ya meza, lina kufuli, zito. "Vipuri vyangu vyote. Kesho unaniletea sanduku, mimi nakupa kinga. Kama huniamini, kimbia nayo hivyo hivyo. Magoti ni yako."

Baudouin alilinyanyua sanduku. Lilikuwa zito kweli. Akafikiri: nikirudi, nina kinga, nisiporudi, nina duka zima. Hesabu hiyo alikuwa amewahi kuiona ikifanyika kwenye uso wa mtu, siku chache tu zilizopita, lakini mtu hatambui uso wake akiwa ndani yake. Akalibeba begani, akapotelea nyuma ya vibanda.

Cansilde akashika spana. Bodaboda ilipomaliza kuzunguka mashamba, imembeba Muhirwa mbele na Nestor nyuma na bomba lake mkononi, magurudumu mawili membamba yalikuwa yananing'inia kati ya magurudumu mengine, usukani wa pembe za kondoo ulikuwa kati ya misukani, na fremu ilikuwa imefunikwa turubai. Cansilde alikuwa ameikalia, anakunywa soda ya kopo.

"Mama, tunatafuta kinga," Nestor alisema.

"Hapa hakuna kinga nzima hata moja, Papa. Tafuteni."

Wakatafuta. Muhirwa alilitazama gurudumu lake mara mbili, uso kwa uso, akaona gurudumu tu. Akakaa kwenye jiwe, akaanza kusikitika kwa Kinyankore.

"Kinga yako ilikuwa inakosa bomba la kiti la saizi yake?" Cansilde aliuliza kwa upole ambao wateja wake wa zamani wangeukimbia.

"Ndiyo, nyabo."

"Basi huyo mwizi hafiki mbali. Ataitupa njiani. Na ikipatikana, watu wengi watasema ni yao. Utaijuaje?" Akatoa lile bomba jipya, linang'aa, akamwonyesha namba. "Vingt-sept, deux. Saizi yake kamili. Ukiwa na hili, unachomeka. Likikaa bila kucheza, ni gaali yako, na hakuna polisi anaweza kubisha. Bila hili, wewe ni mzee tu anayelia sokoni."

Muhirwa alilipokea, akaligeuzageuza. "Kama kiatu," alinong'ona. "Yule Enjenia alisema hivyo."

"Alisema kweli. Siku moja moja humtoka."

Muhirwa akalipia, tena bila kubishana, maana alikuwa na hofu kwamba Nestor anaweza kulinunua kabla yake. Akarudi Kakiika amelishika mbele ya kifua kama msalaba wa maandamano. Akawa mtu pekee mjini mwenye bomba la kiti la baiskeli ya mbio la saizi sahihi kabisa, bila kosa hata la unywele. Alichokosa ni baiskeli.

Cansilde akamaliza soda. Akachukua mkasi, akalikata kopo, akatoa utepe mpana kama vidole vitatu, akauzungusha mara moja tu kwenye lile bomba la ishirini na saba kavu, akalichomeka kwenye fremu. Likasuguana, likanung'unika, likakaa kama limezaliwa humo. Kopo moja la soda, mzunguko mmoja.

Jumatano Baudouin alikuwa kwenye foleni ya zahanati ya Base Camp, kidevu kimevimba kama embe, magoti hayakunjiki. Sanduku alikuwa amelivunja kwa jiwe kule karibu na ziwa. Ndani alikuta minyororo yenye kutu, mawe ya kutosha, na juu kabisa kisiki cha bomba kilichokatika. Alikishika sasa mkononi, akikigeuza, na kwa mara ya kwanza akaisoma ile namba. Kati ya saba na mbili palikuwa na kinukta, kidogo kama uchafu wa nzi.

Nabintu aliingia na mtoto wa dada yake mwenye kikohozi. Akamwona, akaja akakaa kando yake.

"Unashika nini?"

"Kitu yangu," Baudouin alisema. Sauti ilitoka vibaya kwa sababu ya kidevu. Kisha wazo likamjia, la kijanja, la mwisho, na kwa bahati mbaya la kweli. "Nabintu. Hii hakuna mutu anaisema ni yake. Muliza Cansilde. Muliza yule muzee wa Kakiika. Dunia nzima hakuna mutu anaitaka. Kitu moja. Papa alisema moja tu."

Nabintu alikichukua kisiki. Akakisugua kwa kidole, akasoma.

"Vingt-sept virgule deux," alisema, polepole, koma yake ikiwemo, kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Alimtazama kidevuni, akamtazama magotini, na hapo akaelewa yote, na akacheka mpaka muuguzi akachungulia. Akamrudishia.

"Ni yako kweli," alisema, akifuta macho. "Lakini Papa alisema siku ya Mungu. Leo ni Jumatano."

Nje kengele ililia. Cansilde alipita barabarani kwenye kinga nyembamba ya pembe za kondoo, mgongo umenyooka, kiti kimesimama wima wala hakimwinamii mtu. Baudouin aligeuza uso asimwone, na macho yake yakagonga bango lililokuwa ukutani siku zote.

Nabintu akafuata macho yake, akalisoma kwa sauti, ili aliye kwenye maumivu asijisumbue:

"Kinga ni bora kuliko tiba."